Dakika Nzima

Siku ya tano tangu mkewe ajilaze chumbani na kugeukia ukuta, fundi cherehani aliona sasa yatosha. Aliinuka pale barazani, akaiacha sare ya shule ikiwa na mkono mmoja, akaingia ndani na kuutungua mkoba wa bluu uliokuwa nyuma ya mlango. Ulikuwa mkoba wa kazi wa mkewe, mhudumu wa afya wa mtaa. Ndani mlikuwa na daftari la kaya zake, utepe wa kupimia mikono ya watoto, kipimajoto, na saa ndogo ya kuhesabia pumzi.

"Unaupeleka wapi?" mkewe aliuliza bila kugeuka.

"Kituoni. Nawarudishia mali yao. Watafute mtu mwingine wa kumtembeza juani."

"Uweke chini, baba watoto."

"Kwani unaenda kazini?"

"Siendi. Uweke chini."

Fundi aliuweka chini. Si kwamba alimwogopa mkewe, ingawa mtaani wapo waliosema hivyo. Ila sauti ile hakuizoea. Miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa amezoea mwanamke anayeongea kuanzia mlangoni, anayeingia nyumbani akitoa habari za vidonda, chanjo na mimba za watu kabla hata hajavua viatu. Huyu aliyelala hapa alikuwa akiongea kana kwamba kila neno analiazima.

Kisa chenyewe mtaa mzima ulikijua, au ulidhani unakijua. Mwenye bucha wa pale njia panda ana mtoto wa miezi tisa. Mtoto akawa anakohoa. Mhudumu akapita Jumatatu kama kawaida yake, akampima, akamwambia mama yake ni mafua, ampe maziwa mara kwa mara na amfunike vizuri, kesho kutwa atarudi kumwona. Kesho kutwa haikufika. Jumanne adhuhuri midomo ya mtoto ilibadilika rangi, baba yake akambeba mbio mpaka hospitali akiwa bado na aproni ya damu ya ng'ombe, na watu njiani wakapiga yowe wakidhani ameua mtu. Nimonia. Mtoto akawekewa oksijeni, akalala hospitali siku nane, akapona.

Siku zote nane mhudumu alikwenda kusimama nje ya wodi. Siku ya kuruhusiwa mtoto, alisogea amsaidie mama yake kubeba kikapu. Mwenye bucha akamnyang'anya kikapu kile mbele ya wauguzi, wagonjwa na wafagizi.

"Wewe na mkoba wako," alisema, "kwangu msikanyage tena."

Mtoto akaenda nyumbani mzima wa afya, na mhudumu akaenda nyumbani kulala. Hapo ndipo fundi alipochanganyikiwa. Mtoto angekufa, angeelewa. Mtoto amepona, sasa huyu analilia nini?

Barazani nako hakukuwa na nafuu. Baraza la fundi cherehani ni mahali pa kupimia watu na habari zao, na wiki ile habari ilikuwa moja tu. Wengi walisema ni bahati mbaya, wakamtumia mkewe salamu za pole. Lakini mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake alishindwa kuuzuia mdomo wake.

"Hivi mkeo ana cheti cha kazi ile, au alipewa mkoba tu?"

Fundi alimzungushia futi kiunoni, akaisoma namba kwa sauti ambayo hata jirani wa nyumba ya pili aliisikia. Mama yule akanywea. Hata hivyo alipoondoka, neno lake lilibaki pale barazani, na fundi alishona mshono mmoja mara tatu na mara zote ukaenda upogo.

*

Bi Kandambili alifika siku hiyo hiyo mchana. Jina hilo alipewa kituoni kwa sababu ya viatu vyake; alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, na milima, matope na lami vyote alivipita kwa kandambili. Alipiga hodi, akamsalimu fundi vizuri, akauliza mwenzake yuko wapi.

"Amelala. Anaumwa."

"Najua anaumwa. Ndiyo maana nimekuja, shemeji."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Nilikuwa mhudumu kama yeye, miaka kumi na mmoja. Sasa kituo kimeniajiri kuwatembelea wahudumu. Kazi ikimwelemea mmoja wetu, nakwenda kukaa naye."

Fundi alimwangalia kama anayesubiri sehemu ya pili ya maelezo. "Kukaa tu?"

"Kukaa, na kuzungumza akitaka."

"Na hilo unalipwa?"

"Nalipwa. Kwani wewe unashona bure?"

Fundi alimpisha njia. Hakupenda jibu lile.

Alitarajia kusikia mawaidha. Alitarajia mwanamke yule amwinue mkewe kwa maneno makali, amwambie jikaze, una watoto, maisha yanaendelea. Maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyamaliza yote. Badala yake kupitia dirisha alisikia kimya kirefu, kisha sauti ya mboga zikikatwa, kisha mkewe akilia. Aliacha cherehani, akachungulia. Walikuwa wamekaa mkekani, sinia la mboga katikati. Mkewe alikuwa akilia huku mikono inafanya kazi. Mgeni alikuwa akikata mboga vilevile, hata hakumshika bega.

"Mwambie anyamaze basi," fundi alisema dirishani.

"Mwache alie, shemeji. Wewe shona."

Kesho yake alikuja tena. Safari hii fundi alisikia kicheko kidogo, na alishtuka alipogundua ni cha mkewe. Binti yao alirudi shule akamkuta mama yake ameketi uani, nywele zimechanwa, akapita mbele yake mara mbili kwa kisingizio cha kutafuta ndoo. Fundi alianza kumwongezea Bi Kandambili sukari kwenye chai bila kuulizwa.

Siku ya tatu ndipo alipoyasikia yaliyokuwa yakizungumzwa.

"Sikuhesabu dakika nzima," mkewe alikuwa akisema. "Nilihesabu nusu."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli. Cherehani ikanyamaza.

Jambo lenyewe, kwa asiyeijua kazi ile, ni dogo mno. Mtoto mdogo anayekohoa hufunuliwa kifua, mhudumu akaangalia kinavyopanda na kushuka, akahesabu kwa dakika moja. Mtoto wa miezi tisa akifika pumzi hamsini, hakuna mjadala, anakwenda hospitali. Na ni lazima iwe dakika nzima, kwa sababu mtoto hapumui kwa mpangilio. Hupumua haraka, akatulia, akaharakisha tena. Mhudumu alikuwa amefika ishirini na tatu saa yake ilipoonyesha nusu dakika. Akakatisha. Akazidisha mara mbili, akaandika arobaini na sita, akafunga daftari.

"Wangu nilihesabu nusu vilevile," Bi Kandambili alisema. "Yule hakupona."

Fundi alijikuta amebana pumzi zake mwenyewe.

"Nilimwambia nani? Hakuna. Wakasema ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia amina. Miaka miwili nikimwona mama yake sokoni, napita uchochoro mwingine. Nikawa siwezi kumshika mtoto wa mtu yeyote. Sikuja hapa kukuambia hukukosa. Ulikosa. Nimekuja kukuambia kwamba hapo ulipokaa nilishakaa, na pana njia ya kutokea."

"Ipi?"

"Mimi niliipata siku niliposema. Yako utaiona mwenyewe."

"Nitasema Ijumaa," mkewe alisema. "Kwenye mkutano."

Hapo fundi alishindwa kuvumilia. Aliingia ndani na futi yake shingoni.

Mkutano wa Ijumaa ya mwisho wa mwezi si wa wahudumu peke yao. Wakazi wote huitwa, hukaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kusubiria pale kituoni, na wahudumu husimama mmoja mmoja kusoma taarifa ya kazi zao. Mtu akisema kitu pale saa nne, saa sita kimeshafika bucha, saluni na kisimani.

"Una akili wewe?" alimwuliza mkewe. "Watu wanasema ni bahati mbaya. Wamekuhurumia. Unataka ukawape kisu mkononi?"

"Si bahati mbaya."

"Anayejua ni nani? Wewe, huyu dada, na sasa mimi. Yaishie hapa. Yule bwana ana hasira, atakushtaki. Kazi watakunyang'anya. Na mimi nitakaa barazani nikimpima nani?" Alimgeukia mgeni. "Mwambie, basi. Si ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu si kumchagulia, shemeji. Akisema, nitakaa karibu yake. Asiposema, kesho nitakuja kukata naye mboga."

Fundi akaona hafui dafu. Akabadilisha njia. "Haya, niambie. Mtu wa miaka sita kazini, unamfundisha kila mtu kuhesabu, iweje ukatishe njiani? Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Mkewe aliinamisha uso. Bi Kandambili aliacha kisu, akatazama mboga zake.

"Simu iliita," mkewe alisema.

"Simu ya nani?"

Fundi alikumbuka. Jumatatu ile kaka yake mkubwa alifika bila taarifa, akaketi barazani, akatania kwamba nyumba hii mwanamume ndiye anayebaki nyumbani. Ilimchoma. Basi akachukua simu na kumpigia mkewe mara tatu, na mara ya tatu alipopokea alimfokea kwa sauti ya juu ili kaka asikie: kaka amefika, nyumbani hakuna hata chai, wewe unazurura na mkoba, rudi sasa hivi. Na mkewe akarudi. Akapika. Kaka akala, akasifu mapishi, akaondoka.

Fundi aliketi kwenye ukingo wa kiti.

"Usiwe na wasiwasi," mkewe alimwambia taratibu. "Hilo sitalisema. Mkono uliokatisha ulikuwa wangu."

Alikuwa anamfariji. Mwanamke aliyelala siku tano hawezi kula, anamfariji yeye. Fundi alirudi barazani, akakaa mbele ya cherehani mpaka jioni, na hakushona hata kifungo.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wahudumu kumi na wawili walikaa mbele na fulana zao za kazi, mkewe katikati, Bi Kandambili pembeni yake miguu ameinyoosha. Fundi alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye hajaamua kama anabaki. Mwenye bucha alikuwa benchi la tatu, mikono amekunja kifuani, mama wa mtoto pembeni yake na mtoto amelala mapajani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa amekuja kufanya nini.

Muuguzi mkuu wa kituo, mama mtaratibu aliyependa mambo yaishe salama, alianza kwa kulizungumzia jambo hilo mwenyewe.

"Tulipata tukio la mtoto aliyezidiwa ghafla," alisema. "Tunamshukuru Mungu amepona. Ndugu zangu, nimonia hubadilika haraka sana. Leo mafua, kesho ni kingine. Mhudumu wetu alifanya kila linalowezekana, na dalili..."

"Samahani, dada."

Mkewe alikuwa amesimama. Fundi aliziona ndara zake zikikanyagana, moja juu ya nyingine, jinsi alivyokuwa akifanya siku ya posa yao.

"Samahani, haikuwa hivyo," alisema. "Dalili ilikuwepo Jumatatu. Mimi sikuiona kwa sababu sikuitafuta ipasavyo. Kumhesabu mtoto pumzi ni dakika nzima. Mimi nilihesabu nusu, nikazidisha mara mbili, nikaandika kwenye daftari kama mtu aliyemaliza. Ningemaliza, huenda mtoto angeanza dawa siku moja kabla. Asingefika kuwekewa oksijeni." Aliwageukia wa benchi la tatu. "Mama, baba, nimewakosea. Sikuja kuomba mniambie hakuna neno. Nimekuja mjue."

Fundi alisubiri yowe, matusi, kiti kirushwe.

Badala yake kwenye safu ya mbele mkono mmoja ulipanda. Ulikuwa wa mhudumu mzee, mstaafu wa posta, mtu anayeheshimiwa kwa mwandiko wake mzuri.

"Na mimi," alisema bila kusimama. "Kaya ishirini kwa siku. Zikifika kumi na tano nahesabu nusu. Mwaka wa pili huu."

"Na mimi," alisema mwingine, mama wa mtaa wa juu. Halafu mwingine akainua mkono bila kusema kitu. Muuguzi mkuu aliwahesabu kwa macho, na kwa jinsi rangi yake ilivyobadilika ilikuwa wazi kwamba walikuwa wengi. Wanane kati ya kumi na wawili. Alivua miwani.

"Idadi ya kaya niliipanga mimi," alisema polepole. "Kuanzia Jumatatu ni kumi. Tena tutakaa chini tufundishane upya, na mimi mwenyewe nikiwemo."

Mwenye bucha alisimama. Hakuwa mtu mrefu, lakini alikuwa na sauti ya kuitia wateja.

"Hayo ya kaya ni yenu," alisema. "Mimi nina swali moja kwa huyu mama. Nyumba yetu siku hiyo ilikuwa ya ngapi?"

"Ya nne," mkewe alijibu.

"Ya nne. Hujachoka. Sasa nusu dakika iliyobaki ilikushinda nini?"

Bi Kandambili alimsogelea mwenzake kidogo kwenye benchi, mpaka sketi zao zikagusana.

"Nilikatisha," mkewe alisema. "Sababu yoyote nitakayotoa itakuwa ya kujitetea."

"Sikuomba ujitetee. Nimeuliza."

Fundi alikuwa ametazama mlango. Ulikuwa wazi, hatua mbili tu. Baadaye alisema hakumbuki kuinuka, na mimi simwamini; mtu hukumbuka sana siku aliyoinuka.

"Simu ilikuwa yangu," alisema.

Vichwa vyote viligeuka. Kwenye benchi la katikati alikuwepo yule mama wa gauni la harusi, amegeuka mpaka kiuno.

"Nilimpigia mara tatu," fundi aliendelea, na sauti yake ilikuwa ikitafuta pa kushika. "Nilikuwa na mgeni, nikataka aonekane mke wangu ananisikiliza. Nikamfokea akiwa kwenye kifua cha mtoto wenu. Alikuja nyumbani kupika kwa sababu yangu. Wiki mbili amelibeba hili peke yake, na leo amesimama mbele yenu hakulitaja. Kama ni lawama, na mimi nigawieni."

Aliketi. Kule mbele mkewe alikuwa amegeuka anamtazama. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama kama alivyomtazama zamani, siku fundi alipomshonea gauni lake la kwanza bila kielelezo na likamkaa sawasawa. Basi fundi, pamoja na aibu yote ile iliyomwaka masikioni, alijivuna. Alijivunia mwanamke yule. Kumbe ndiye huyu aliyekuwa akimwambia anazurura.

Mwenye bucha alibaki amesimama. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, na sasa hakuna aliyebaki wa kuyapokea. Kila aliyetaka kumshtaki alikuwa ameshajishtaki. Alimtazama mke wake mwenyewe.

Mama wa mtoto alisimama akambeba mwanawe vile vile usingizini, akatembea mpaka mbele, akaketi kwenye benchi la wahudumu na kumfunua mtoto kifua.

"Mhesabu," alisema.

"Haumwi, mama," mkewe alisema. "Amepona."

"Najua. Mhesabu. Nataka nione dakika nzima ina urefu gani."

Mkewe alipiga magoti sakafuni. Mstaafu wa posta akampa saa yake. Aliibonyeza, akaiweka pembeni ya paja la mama, akakitazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa ikitaja namba bila sauti. Ukumbi wote ukaanza kuhesabu naye, hata wasiojua wanahesabu nini. Nusu ikafika, fundi alijua imefika kwa jinsi Bi Kandambili alivyofumba macho. Mkewe hakuinua kichwa. Mahali fulani kwenye mabenchi simu ikaita, mwenyewe akaikandamiza tumboni mpaka ikanyamaza, na mkewe hakupepesa hata kope. Fundi hakuwahi kujua kwamba dakika ni kitu kirefu namna ile. Kwenye dakika ile mtu angeweza kutia uzi, kushona pindo zima na kukata.

Saa ililia.

"Thelathini na nane," mkewe alisema. "Anapumua vizuri."

Mama wa mtoto alimfunika mwanawe, akamweka begani.

"Basi Jumatatu uje nyumbani," alisema. "Bado anakohoa kidogo asubuhi."

Mkewe alimtazama mwenye bucha, na ukumbi wote ukamtazama. Mwenye bucha alisafisha koo. Aliangalia dari, akaangalia viatu vyake, akamwangalia mtoto.

"Aje mapema," alisema. "Kabla sijafungua bucha. Na mimi nataka kujifunza kuhesabu."